Kifaru cha Mtaliano

Wazungu wakiteka kitu cha adui hawakitupi. Hilo nililijua mwaka ule wa arubaini na mbili, walipokuwa wamekwisha kumshinda Mtaliano huko Habeshi na Somalia, na sisi wa pwani tukaambiwa sasa tumtazamie Mjapani, atakuja kwa bahari. Meli zikashusha Kilindini vifaru vya Mtaliano, vikakokotwa mpaka huku Changamwe, vikawekwa katika kambi iliyokuwa juu ya mteremko wa kuelekea Port Reitz. Tulitoka majumbani kwenda kuvitazama. Vilikuwa na matundu ya risasi na vumbi jekundu la mbali, na alama za wenyewe zilikuwa bado ubavuni.

Mimi nilikuwa nikiuza mbaazi na mahamri penye lango la kambi ile. Kando yangu alikaa Kafedha, mjane wa Kirabai, Mkristo wa misheni, akiuza uji. Sote tulimwita Mama Nyamvula, kwa jina la bintiye. Alikuwa mtu wa maneno machache na mimi ni mtu wa maneno mengi, kwa hivyo tulielewana vizuri.

Vifaru viwili vilikuwa vizima. Walimtoa mfungwa mmoja wa Kitaliano awaonyeshe namna ya kuviendesha, kisha wakamrudisha ndani ya seng'enge zake. Hawakuvipaka rangi mpya. Waliviacha na alama za adui makusudi, wapate kuwafundishia askari wageni. Askari walilazwa handakini, kifaru kikapita juu yao, mchanga ukawaporomokea, na aliyepiga kelele alilazwa tena mpaka ajifunze kunyamaza. Kijana mmoja wa bara handaki lilimbomokea, akatolewa mguu umevunjika. Sajini alisema afadhali kuvunjwa na Mtaliano wetu kuliko kuvunjwa na Mjapani wa watu, na wenzake wakacheka. Sajini yule alikuwa Mzungu mwenye Kiswahili cha kuamrishia watumishi, na alipenda sana kuchekesha.

Kifaru cha tatu kilikuwa kimekufa. Mashine haikuwaka, kichwa hakikugeuka, na ndani kilinuka, maana waliokuwamo waliungulia humo humo. Kazi ya kukisafisha walipewa vibarua wa jeshi, wale waliokamatwa vijijini kwa nguvu. Mmoja wao alikuwa Ngowa, mume wa Nyamvula. Aliingia na mchanga na kipande cha gunia, akawakwangua wale watu kwenye chuma mpaka wakaisha. Akitoka alikuwa akitapika kando ya ua, halafu anakuja kuniomba maji mimi, wala hamwombi mama mkwe wake aliyekaa pale pale na mtungi wake.

Hapa lazima niseme kidogo juu ya jirani zetu hawa. Kwao mtu na mama mkwe wake huheshimiana heshima ya kuogopana. Wakikutana njiani, mmoja huipisha njia. Hawali pamoja, hawashikani mikono, na mama halitaji jina la mkwewe hata akifinywa. Misheni iliwabatiza ikawaondolea mengi, lakini hilo haikuweza kuliondoa. Na lililo kubwa kuliko yote ni uchi. Mama akimwona mkwewe uchi, wanasema atakayelipa ni mtoto mchanga wa nyumba ile, atadhoofika mpaka afe. Nilikuwa nikimtania Mama Nyamvula kwamba mkwewe akizama itabidi amwokoe amefumba macho. Alikuwa akinijibu, bila kucheka, kwamba ataita mtu mwingine.

Nyamvula alipojifungua, Ngowa alimwendea Sajini kuomba ruhusa akamwone mtoto. Nyumba ilikuwa pale Chaani, ungekwenda na kurudi kabla mbaazi hazijaiva. Sajini akamwuliza kama yeye ndiye mkunga. Ngowa akaenda bila ruhusa. Walimkamata amempakata mwanawe, wakamrudisha, wakamlaza juu ya mnyororo wa kifaru kwenye jua kali, chuma kikichoma kama kikaango, wakamchapa viboko mbele ya wenzake. Sisi wauzaji tuliamrishwa tusiondoke, tutazame tupate adabu. Mimi nilitazama. Mama Nyamvula aligeukia ua akabaki ameutazama mpaka mwisho, kwa sababu mkwewe alikuwa ameteremshwa kaptura.

Haukupita muda Ngowa akatoroka kabisa. Mtoro wa mara ya pili alikuwa hachapwi tena, alipelekwa jela ya jeshi, na mimi niliwahi kumwona mmoja aliyerudi kutoka huko. Alikuwa akijikojolea akisikia buti. Basi askari wakawa wanaipekua nyumba ya Chaani kila walipojisikia. Walimwaga unga wakaukanyaga, wakachoma godoro kwa singe mzazi akiwa amelala juu yake. Ngowa hawakumwona. Alikuwa kambini kwao, ndani ya kile kifaru kilichokufa. Alikijua kuliko mtu yeyote, na alijua kwamba hakuna atakayekifungua kwa ile harufu. Alikuwa akingoja msako upoe apate kukimbilia kwa wajomba zake Kaloleni.

Haya yote niliyajua baadaye. Mama Nyamvula hakuniambia kitu, na hasira niliyo nayo juu yake kwa sababu hiyo haijanitoka mpaka leo.

Nyamvula alikuwa mzazi, siku zake za kutolewa nje hazijatimia, kwa hivyo chakula hakikuwa na mtu wa kukipeleka ila mama mkwe. Alikuwa na ruhusa ya kuingia kambini kuwagawia vibarua uji, na akirudi hupita nyuma ya kifaru, anaweka bakuli juu ya mnyororo, anagonga chuma kwa kijiko, anageuka anakwenda zake. Ngowa alingoja mpaka nyayo zimepotea ndipo akatoa mkono. Siku ya pili yake, mama akija kuchukua bakuli tupu na kuweka jingine, Ngowa alimgongea kutoka ndani, maana yake ahsante. Hawakusemezana. Mimi nadhani hawakupata kupendana kama walivyopendana siku zile. Askari waliosikia kugonga walisema ni Mtaliano mmoja aliyebaki humo, nao wakawa wanapita mbali.

Ndani mle palikuwa tanuri. Nguo za Ngowa zilimwozea mwilini kwa jasho, na jioni moja Mama Nyamvula alizikuta zimekunjwa kando ya bakuli, shati na kaptura, ndizo zote alizokuwa nazo. Akazichukua, akazifua, akazianika uani Chaani.

Kulipokucha Koplo Dishon alikuja kunywa uji kama kawaida yake. Alikuwa mtu wa bara, mpole, ana mke kwao aitwaye Philister ambaye lazima amtaje katika kila mazungumzo, hata ya mvua.

"Shikamoo mama," alimwamkia Mama Nyamvula. "Leo mchana msiende ule upande wa mikoko. Mzinga mpya umefika. Tunaujaribu kwa kile kifaru kibovu."

"Kipi?"

"Si kile cha shetani. Sajini anasema tumfukuze kwa baruti."

Nilicheka. Mama Nyamvula aliweka upawa chini, akanyakua bakuli, akaingia langoni karibu akikimbia. Nilimwambia Dishon kwamba leo mama wa watu ana haraka ya biashara.

Aliyoyafanya huko alinisimulia mwenyewe, mara moja tu. Aligonga, na Ngowa akagonga. Akageuza mgongo akasema neno la kwanza alilowahi kumwambia mkwewe pasipo mtu wa katikati.

"Toka."

Akagonga tena.

"Toka, watakipiga mzinga."

Sauti ya Ngowa ikaja chini kwa chini. "Nguo zangu, mama."

"Nakwenda kuzileta. Usitoke mpaka nije."

Nilimwuliza, ulikuwa na leso mbili mwilini, mbona hukumtupia moja ukaenda zako? Alinitazama kama nimemtukana. "Leso niliyojifunga mimi, ajifunge yeye?" Nikamwuliza, na mimi je? Mimi kwa Ngowa si mkwe wala shangazi. Ningekwenda mimi kumtoa, nimwone alivyo, nicheke, basi.

Alikimbia mpaka Chaani. Nguo zilikuwa bado mbichi, na aliniambia kwamba alisimama akazikamua tena, halafu akazikunja. Mtu anakwenda kuuawa, yeye anakunja shati. Lakini ndivyo nguo za mkwe zinavyotakiwa kupelekwa, na mikono yake haikujua njia nyingine.

Mchana wenyewe haukungojwa. Wingu lilitanda upande wa Mazeras, na Kapteni hakutaka mzinga wake mpya unyeshewe. Wakauleta mapema, wakauelekeza kwenye kifaru, na nyuma ya kifaru hapakuwa na kitu ila mikoko na maji. Wakafunga kamba, sisi wauzaji na vibarua tukasimama nyuma yake kutazama, maana watu wa Changamwe tulikuwa hatujapata kuona mzinga ukipiga. Ndipo Mama Nyamvula alipofika, anahema, nguo kifuani.

"Kuna mtu ndani," alimwambia Dishon.

"Mama, sote tunajua. Amekufa zamani huyo."

"Mtu hai. Wetu."

Dishon alimtazama, akazitazama zile nguo, uso ukambadilika. Akaenda mbio kumwita Sajini. Sajini alikuja polepole, anatafuna kitu.

"Nani iko ndani?"

"Mkwe wangu, bwana."

"Jina yake?"

Mama Nyamvula alifungua mdomo na jina likakataa kutoka. "Ni baba wa mtoto wa binti yangu."

"Mimi taka jina."

Mama akanigeukia mimi, macho yamemtoka. "Waridi, nisemee."

Hapo ndipo nilipoelewa bakuli, kijiko, na mbio za asubuhi. "Ni Ngowa, bwana," nilisema. "Yule kibarua. Msimpige, wallahi atatoka mwenyewe."

Sajini alikitazama kifaru, halafu akamtazama Kapteni aliyekuwa mbali kwenye kiti chake na darubini, asiyesikia kitu. Nilidhani atakwenda kumwambia. Badala yake alitabasamu, tabasamu la mtu aliyepata mchezo.

"Ngowa mtoro? Sisi natafuta yeye kila pahali. Ngoja. Mimi piga hodi."

Akawaamrisha wale wa mzinga wapige chini, kwenye mnyororo. Dishon akasema, "Bwana, kuna mtu." Sajini akamjibu neno moja la Kizungu. Dishon akasimama wima, mikono ameibana mapajani kama alivyofundishwa. Nilimwita kwa jina hakugeuka.

Mzinga ulipolia nilidhani masikio yangu yamepasuka. Mnyororo wa kifaru ulikatika na vyuma vikaruka mpaka kwenye mikoko. Askari wakashangilia. Halafu mfuniko wa juu ukainuka na shangwe zikakatika, wengine wakarudi nyuma, maana walidhani kweli ni yule Mtaliano. Alikuwa Ngowa. Alitokeza mpaka kiunoni, damu inamtoka masikioni, akipepesa macho kwa mwanga kama aliyeamshwa usingizini. Viboko vya mgongoni vilikuwa bado havijapona. Walipoona ni mtu na hana nguo, askari wakaangua kicheko, na Sajini akaweka mikono mdomoni akaita, "Kuja! Kuja, mtoro, sisi kwisha fungua mlango!"

Ngowa aliinua mikono. Akapitisha mguu mmoja juu ya chuma, ukatoka nje. Mama Nyamvula akapenya chini ya kamba kabla sijamshika leso, akazinyanyua nguo juu kwa mikono miwili, akamwita kwa jina lake, jina ambalo hakupata kulitaja tangu alipomposa binti yake.

"Ngowa!"

Sijui alisikia au aliona tu. Aligeuka, na aliyemwona mbele yake ni mama mkwe, macho kodo, anamtazama mzima mzima. Sijapata kuona aibu kama ile katika uso wa mtu. Alishusha mikono akajifunika, akaurudisha mguu ndani, akainama, na mfuniko ukafungwa juu yake.

Alikuwa keshatoka. Nalisema hili kila ninapoulizwa, na nitalisema mpaka ninaingia kaburini: mguu ulikuwa umekwisha kutoka. Mama Nyamvula angegeuza uso siku ile moja tu, Ngowa angeteremka akiwa mtoro, akiwa uchi, akiwa hai. Angefungwa. Angejikojolea akisikia buti. Lakini mwanawe angemwona.

Mama Nyamvula mwenyewe alilijua saa ile ile. Alizitupa nguo, akajifunika uso kwa leso, akageuka akatupa mgongo, akawa anapiga kelele, "Sikuoni, mwanangu, sikuoni, toka." Mtu aliyepasuka masikio hasikii kitu.

Kule kwenye kiti, ambako moshi wa mzinga ulikuwa umetanda asione kitu, Kapteni aliinua mkono kuuliza wanachelewa nini. Sajini akaacha kucheka. Nadhani kilichomuudhi ni kwamba mchezo wake umeharibiwa mbele za watu. Alimwita mtoro, na mtoro akamfungia mlango.

"Yeye taka lala?" alisema. "Haya. Lala."

Wakapiga ya pili, ubavuni, katikati. Mzinga ulikuwa mzuri. Chuma cha Mtaliano kilitoboka kama kibuyu, na moshi ukatokea juu, tena mweupe. Kapteni alisimama akapiga makofi.

Walimwambia baadaye kwamba kulikuwa na mwizi wa vyuma ndani. Alisikitika kidogo, akauliza kama kifaru bado kinafaa kulengwa kesho, maana kulikuwa na kundi jingine la askari lililokuwa halijapata zamu. Sajini akasema kinafaa, kioshwe tu. Vibarua waliitwa na ndoo. Wakasimama mbele ya kifaru hawataki kuingia, na hata walipotishiwa viboko wakatazama chini tu, kwa sababu aliyekuwamo walikuwa wakila naye sahani moja.

Mama Nyamvula aliziokota nguo alipozitupa, akazipangusa mchanga, akaenda akapanda. Dishon alitaka kumsaidia kuweka mguu.

"Wewe simama tu," alimwambia. "Unajua kusimama."

Aliingia peke yake. Alikaa humo muda mrefu, sisi tukisikia chuma kikigongwa hapa na pale na viwiko vyake. Alipowaita wanaume wamvute, Ngowa alitoka amevaa. Shati lilikuwa limefungwa vifungo vyote mpaka shingoni, na upande mmoja wa shati haukuwa na kitu cha kujaza. Mama alitoka nyuma yake, leso zake hazifai tena kutazamwa, akamwomba kibarua mmoja maji, akanawa mikono pale pale.

Tulimzika Chaani kabla ya jua kuchwa, na mwalimu wa misheni akasoma haraka kwa sababu askari waliotumwa kutulinda walikuwa wakitazama mvua. Kesho yake tulisikia mizinga tena kutwa nzima. Kifaru kile kilipigwa mpaka wakakichoka.

Sasa nitasema na la kwetu, maana si haki Sajini peke yake abebe ukatili wote wa mwaka ule. Matanga yalikaa, nami nilikuwa nikienda kila jioni kumsaidia Mama Nyamvula kupika. Wanawake wa ukoo walikaa kwenye mkeka na kunong'ona. Sikusikia hata mmoja akiuliza Sajini alifanya nini. Walichouliza ni mama aliona nini. Tena mtoto alikuwa ameanza kuharisha, kama watoto wote wa Chaani wanavyoharisha maji ya visima yakichafuka, nami niliwaambia hivyo, nikawaambia na mengine yasiyofaa kuandikwa. Walimtazama bibi yake.

Nyamvula alikuwa hajasema neno tangu maziko. Alikaa ameegemea ukuta, na mama yake alikuwa mbele yake amempakata mtoto, anamnywesha maji ya mchele kwa kijiko, tone kwa tone, na mtoto anayapokea.

"Mama," Nyamvula alisema.

"Abee, mwanangu."

"Wanasema ulimwona."

Nilimfinya Mama Nyamvula pajani kwa nguvu, aseme hakumwona, aseme moshi ulikuwa mwingi, aseme askari ndio waliomvika. Neno moja tu la uongo, na mimi ningelishuhudia kwa Mungu wangu. Alinitoa mkono taratibu.

"Nilimwona," alisema. "Wenzake walikataa kuingia. Nilimvika mwenyewe."

Nyamvula alimtazama mama yake, si kwa hasira, ningependa ingekuwa hasira. Akanyoosha mikono yote miwili.

"Basi nipe mwanangu."

Mama Nyamvula akampa.